Mteja wa kwanza kwenye masoko ya kazi mtandaoni: kwa nini maombi mengi hayajibiwi

Kijana wa Tanga anayefungua akaunti kwenye soko la kazi la mtandaoni, iwe Upwork, Fiverr au Freelancer, kwa kawaida hupita njia ile ile waliyopita wenzake. Hujaza wasifu wake usiku mmoja, huomba kazi ishirini au thelathini katika wiki mbili za mwanzo, hupunguza bei kila anapokosa jibu, kisha huacha, akiwa ameshaamini kwamba kazi hizo ni za Wahindi na Wafilipino waliotangulia, au kwamba wateja wa Ulaya na Marekani hawampi kazi mtu wa Afrika. Nimekaa na vijana kadhaa wa Makorora, Chumbageni na Ngamiani waliofikia uamuzi huo, nikasoma maombi yao moja baada ya jingine, na nimeridhika kwamba wengi wao walikuwa na ujuzi wa kutosha na bei iliyofaa. Walichokosa ni kumpa mteja sababu ya kutowaogopa.

Neno kuogopa nimelichagua kwa makusudi. Mtu anayetangaza kazi ya dola 50 hahofii sana kupoteza dola 50 zenyewe, kwa kuwa fedha hizo soko humshikia mpaka kazi ikamilike. Anahofia kupoteza siku nne akimsubiri mtu asiyejibu ujumbe, kisha siku ya tano apokee kazi ambayo hawezi kuitumia, huku bosi wake au mteja wake mwenyewe akimdai. Hofu hiyo haiondoki kwa wewe kusema utafanya kwa dola 15. Wakati mwingine huongezeka, kwa sababu naye hujiuliza kwa nini kazi ya siku mbili inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Masoko haya hayaajiri mtu. Ni madalali, na ukiyaangalia kwa jicho hilo mambo mengi hueleweka. Dalali wa nyumba hapa Tanga hulipwa kwa sababu anamjua mwenye nyumba na anamjua mpangaji, na kila upande unaamini kwamba akidanganya atapatikana kesho pale pale kijiweni. Dalali wa mtandaoni hamjui mtu yeyote. Anachoweza kufanya ni kutunza kumbukumbu: nani alifanya kazi gani, kwa kiasi gani, na aliyemlipa alisema nini baadaye. Upwork, jina lililoanza kutumika mwaka 2015 baada ya kampuni mbili za Elance na oDesk kuungana, hufanya kazi kama mnada wa maombi, yaani mteja anatangaza na wewe unaomba. Freelancer, yenye makao yake Sydney, Australia, inafanana nayo. Fiverr, iliyoanzishwa Israel mwaka 2010 na ambayo jina lake linatokana na dola 5 ilizokuwa bei ya huduma zake za mwanzo, ni kama safu ya maduka: wewe unapanga huduma yako rafuni kwa viwango vitatu vya bei, na mteja anapita akichagua. Muundo ni tofauti, lakini kumbukumbu ndiyo mtaji katika yote, na mgeni ndiye asiye na kumbukumbu.

Kuna ushahidi mzuri kuhusu jambo hili. Mwanauchumi wa Marekani Amanda Pallais, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, aliwaajiri watu 952 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka miongoni mwa walioomba kazi ya kuingiza data kwenye soko la oDesk, akawaandikia tathmini ya hadharani, kisha akafuatilia kilichowapata wao na waombaji ambao hawakuchaguliwa. Walioajiriwa walipata kazi nyingi zaidi baadaye na kipato chao kikapanda, na hasa wale ambao kabla ya hapo hawakuwa na kazi yoyote kwenye rekodi zao. Kwa kuwa walichaguliwa kwa bahati nasibu, hatuwezi kusema kwamba walikuwa hodari kuliko wenzao. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na mtu aliyeandika hadharani kuwa amefanya nao kazi. Naona utafiti huu unapaswa kumfariji kila anayeanza, kwa sababu unaonyesha kwamba ukimya anaoupata mwanzoni hauhusu uwezo wake. Unahusu ukurasa wake mtupu.

Methali yetu inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni Mgandini inaweza kuwa kweli, kwa sababu mnunuzi anaishika nyanya na kuibonyeza. Mtandaoni kizuri hakijiuzi mpaka pawe na njia ya kukibonyeza, na kazi kubwa ya miezi ya kwanza ni kuijenga njia hiyo.

Hapa ndipo mtu wa Tanga anapokutana na ugumu wake mkubwa, na ndipo ilipo pia nafasi yake kubwa. Bidhaa ambayo wengi wetu tunayo bila kuihesabu ni Kiswahili. Lugha hii ina watu zaidi ya milioni 200 kwa makadirio ya UNESCO, shirika ambalo mwaka 2021 liliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani, na kampuni zinazotaka wateja Afrika Mashariki zinahitaji programu za simu, manukuu ya video, unukuzi wa mahojiano na ukaguzi wa majibu ya akili mnemba katika lugha hiyo. Lakini anayenunua nembo huiona kwa macho yake mwenyewe, ilhali anayenunua tafsiri ya Kiswahili akiwa Toronto ananunua gunia lililofungwa. Hajui Kiswahili, ndiyo maana anatafuta mtu. Ataipimaje kazi yako? Waombaji hamsini wote wamemwandikia kwamba Kiswahili ni lugha yao ya mama, na huenda wote wanasema kweli.

Binti mmoja wa Makorora alinifundisha jibu la swali hilo kuliko nilivyomfundisha mimi. Wasifu wake wa kwanza ulikuwa na huduma tano: tafsiri, uandishi wa makala, kuingiza data, kusanifu picha na usaidizi wa ofisini. Nilipomuuliza ni kazi gani aliyoifanya kwa muda mrefu zaidi maishani mwake, akasema, kwa sauti ya mtu anayeona haya kidogo, kwamba alikaa miaka miwili kwenye kibanda cha wakala wa fedha karibu na stendi. Hakuwa ameandika neno hata moja kuhusu kibanda hicho. Na kwa miaka miwili alikuwa amesikia kila siku watu wa kila aina, mvuvi, mama lishe, mwalimu mstaafu, wakisema kwa maneno yao wenyewe wanachotaka kufanya na fedha zao, pamoja na wanavyochanganyikiwa simu inapowaandikia jambo wasilolielewa. Ni maarifa ambayo hayapatikani chuoni, na mshindani wa Manila hana njia ya kuyapata.

Akafuta huduma nne. Iliyobaki ikaandikwa hivi: Kiswahili cha programu za simu zinazohusu fedha. Kisha akaandaa ukurasa mmoja wa mfano, wenye safu nne. Safu ya kwanza ilikuwa na sentensi kumi za Kiingereza alizozitunga mwenyewe, za aina inayopatikana kwenye programu yoyote ya fedha. Ya pili ilikuwa na tafsiri mbovu za aina inayotolewa na mashine inapokosa muktadha, ya tatu tafsiri yake, na ya nne sababu, kwa Kiingereza kifupi. Mashine iliposema “usawa wako hautoshi”, yeye aliandika “salio lako halitoshi”, na akaeleza kwamba usawa ni hali ya vitu kulingana, na hakuna mteja anayeita hivyo fedha zilizomo kwenye simu yake. Palipoandikwa “ondoa pesa” aliweka “toa pesa”. Palipoandikwa “shughuli imeshindwa” aliweka “muamala haukufanikiwa”, akieleza kwamba mtu aliyezoea huduma za fedha za Tanzania akiona neno shughuli atafikiri habari ya harusi. Mtu wa Toronto asiyejua Kiswahili anaweza kuusoma ukurasa huo na kuelewa, kwanza, kwamba kuna makosa ambayo hakuyafikiria, na pili, kwamba huyu anayaona. Gunia limefunguliwa.

Ieleweke kwamba mfano huo hakumfanyia mteja yeyote. Kumfanyia mteja kazi yake bure kwa jina la majaribio ni jambo jingine kabisa, na Upwork inamkataza mteja kuomba kazi ya bure. Mfano ni mali yako, unautengeneza mara moja na unautumia mara nyingi. Anayefanya unukuzi anaweza kurekodi mazungumzo ya dakika tatu na rafiki yake aliyekubali, penye kelele za bodaboda na watu wawili wanaoongea kwa pamoja, akaonyesha jinsi anavyoyaandika. Mhasibu anaweza kutengeneza daftari la hesabu za duka la kubuni. Anayetafsiri anaweza kuongeza faharasa, yaani orodha ya maneno na tafsiri zake, ya maneno ishirini, pamoja na tafsiri ya kurudisha, yaani Kiswahili chake kilichogeuzwa tena kuwa Kiingereza neno kwa neno, ili mteja aone kilichosemwa.

Baada ya mfano, ndipo barua ya maombi. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba kuingia kwenye shida yako moja kwa moja ni utovu wa adabu. Unabisha hodi, unasalimu, unauliza hali ya nyumbani, kisha unasema kilichokuleta. Malezi hayo ni mazuri na sitaki mtu ayaache barazani. Lakini mteja wa Upwork, anapofungua orodha ya waombaji, huona mistari ya mwanzo tu ya kila barua kabla hajaamua aifungue ipi, na salamu yetu ndefu huila mistari hiyo yote. Barua ya awali ya binti yule ilianza hivi, nikiitoa kwenye Kiingereza alichoandikia: “Mpendwa Bwana au Bibi, natumaini u mzima. Mimi ni mfasiri mwenye bidii, mwaminifu na ninayejifunza haraka, na ningefurahi sana ukinipa nafasi.” Hakuna sentensi hapo inayoonyesha kwamba ameusoma hata mstari mmoja wa tangazo, na barua hiyo ingeweza kutumwa kwa mtu anayetafuta fundi bomba.

Barua iliyompatia kazi ilianza hivi: “Habari. Kwenye picha ya tatu uliyoambatisha kuna neno ‘balance’, ambalo kwa Kiswahili cha Tanzania lina tafsiri mbili. Kama ni fedha zilizobaki kwenye akaunti, ni salio. Kama ni taarifa ya hesabu za biashara, ni mizania. Naona ni la kwanza, lakini nakuomba uthibitishe kabla halijaenea kwenye sentensi zote 120.” Kisha mistari miwili kuhusu kibanda cha wakala, kiungo cha ukurasa wa mfano, siku atakayokabidhi, na bei. Barua yote haikuzidi maneno 130. Mteja alijibu ndani ya saa mbili, na jibu lake lilikuwa jibu la lile swali. Mazungumzo yalikuwa yameshaanza kabla ya ajira.

Barua ya namna hiyo huchukua dakika arobaini, na watu wengi huona ni afadhali kutuma kumi za haraka. Hesabu inawakataa. Upwork huuza alama za kuombea kwa senti 15 za dola kila moja, na kila tangazo hudai idadi yake ya alama. Tuseme kazi unazoziomba hudai alama 12 kila moja, sawa na dola 1.80. Maombi ishirini yasiyosomwa yatakula dola 36. Kazi ya dola 40, soko likikata asilimia 10, hukuachia dola 36. Yaani kazi nzima ya kwanza imelipia maombi yaliyopotea, na hapo hujanunua bando. Makato yenyewe hutofautiana: Fiverr huchukua asilimia 20, na Upwork, ambayo mwaka 2023 ilikuwa imeweka asilimia 10 kwa wote, mwaka 2025 iliigeuza kuwa kati ya 0 na 15 kulingana na mkataba. Kabla ya kuandika bei, toa kwanza makato.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba kuchagua tangazo ni nusu ya kazi. Chini ya kila tangazo pana habari za mteja ambazo waombaji wengi huzipita: kama njia yake ya malipo imehakikiwa, ameshatumia fedha kiasi gani, anaajiri mara ngapi kati ya matangazo anayoyaweka, waliomfanyia kazi walisema nini, na maombi mangapi yameshafika. Kwa mgeni ningependekeza tangazo lenye maombi machache, la mteja aliyekwisha kulipa wengine, lenye maelezo marefu kiasi cha kukupa kitu cha kuuliza. Na saa ina maana yake. New York inapoingia ofisini saa tatu asubuhi, Tanga ni saa kumi jioni wakati wa majira yao ya joto, na saa kumi na moja wakati wa baridi. Matangazo mengi ya Marekani huanza kumiminika wakati wetu wa kutoka kazini, na anayekaa mezani kuanzia hapo mpaka saa tatu usiku huyakuta yakiwa mapya.

Kuhusu bei, msimamo wangu ni huu: punguza ukubwa wa kazi, usipunguze thamani ya saa yako. Kazi ya siku mbili kwa bei ya kawaida humpa mteja hofu ndogo, kwa sababu akikosea kukuchagua atakuwa amepoteza siku mbili tu. Kazi ya mwezi mzima kwa bei ya kutupa humpa hofu kubwa, na wewe inakufunga, kwa kuwa bei uliyolipwa hubaki kwenye kumbukumbu na mteja wa pili ataisoma. Kwa hiyo omba kazi ndogo ndogo mwanzoni, au pendekeza mwenyewe kwamba kazi kubwa ianze na sehemu ya kwanza peke yake. Kwenye Upwork sehemu hizo zinaweza kutenganishwa, kila moja ikiwekewa fedha yake amana kabla hujaanza.

Amana hiyo usiicheze. Kazi ya mkupuo, yaani inayolipwa kwa bei moja ya kazi nzima na si kwa saa, isianze mpaka uone kwamba fedha zimeshawekwa, hata kama mteja ana haraka na anazungumza vizuri. Yeyote anayetaka mhamie WhatsApp au Telegram kabla ya mkataba, anayeomba ada ya usajili au ya mafunzo, au anayekutumia hundi na kutaka urudishe chenji, ni tapeli, na huwatafuta wageni hasa kwa sababu anajua wana kiu ya kazi ya kwanza. Hali kadhalika anayetaka kukodi akaunti yako kwa malipo ya kila mwezi: ikigundulika, inafungwa, na jina linalobaki limechafuka ni lako. Hata mteja mwema hapaswi kukutoa nje ya soko baada ya kazi ya kwanza, kwa maana Upwork hudai malipo yapitie kwake kwa miaka miwili tangu mlipokutana.

Liko jambo dogo ambalo limewakwamisha wengi niliowaona, nalo ni jina. Jina kwenye akaunti ya soko, kwenye Payoneer au njia nyingine ya kutolea fedha, na kwenye akaunti ya benki, lifanane herufi kwa herufi na lile la kitambulisho cha NIDA. Mwanahamisi wa kitambulisho na Mwanahamis wa benki, kwa mtambo, ni watu wawili. Lishughulikie kabla hujaomba kazi ya kwanza, usisubiri siku ya kutoa fedha. Na usizihesabie fedha hizo kodi ya mwezi huu. Kwa kazi ya mkupuo ya Upwork mteja ana siku 14 za kuikagua kazi, na akiikubali fedha hukaa siku tano zaidi. Fiverr humshikilia muuzaji mpya siku 14 baada ya kazi kukamilika.

Katika kukabidhi, weka akiba ya muda. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora nchi nzima. Aliyekuwa amepanga kukabidhi siku hiyo hiyo hakuwa na la kufanya. Ukijua kazi inahitaji siku tatu, ahidi tano, na siku ya pili mpelekee mteja sehemu iliyokwisha tayari pamoja na maswali yako. Ujumbe huo mfupi wa katikati ndio unaoondoa ile hofu ya siku nne za kimya niliyoieleza mwanzoni, na kwenye Upwork una uzito wa pekee, kwa kuwa mteja mwishoni hutoa tathmini mbili: ya hadharani, na ya siri ambayo wewe huioni lakini inaingia kwenye alama yako ya mafanikio.

Binti wa Makorora alikabidhi sentensi zake 120 siku moja kabla ya ahadi, zikiwa na faharasa ya maneno 24 ambayo hakuombwa. Hakuomba nyota. Aliuliza tu kama toleo lijalo la programu lina maneno mapya, na kama timu ingependa aitunze faharasa hiyo ili neno moja lisije kutafsiriwa kwa namna mbili. Wiki tatu baadaye wakamrudia na sentensi 40. Mara hii hakukuwa na tangazo, mshindani wala alama za kuombea. Mteja aliandika mstari mmoja akiuliza bei, naye akapandisha robo, na ikakubaliwa asubuhi ile ile.